Makarani wawili wanaoitwa mwangi: akaunti za seva na za hifadhidata katika PostgreSQL

SWALI: Mwalimu, nakuandikia kutoka Ngara, Nairobi. Kampuni yetu ni ya watu sita na tunahudumia SACCO tisa. Kila SACCO ina hifadhidata yake, sacco01 hadi sacco09, zote katika seva moja ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata), toleo la 13. Aliyeshika kazi hii kabla yangu aliwasha kitu kinachoitwa db_user_namespace ili karani wa sacco01 aingie kama mwangi na wa sacco04 naye aingie kama mwangi, kila mtu na nenosiri lake. Sisi wasimamizi tulikuwa tunaongeza alama ya @ mwishoni mwa jina, tunaingia popote. Juzi nilipandisha toleo hadi 17 nikanakili faili la zamani la mipangilio. Seva ikakataa kuwaka. Nikifuta huo mstari inawaka, ila hakuna karani hata mmoja anayeingia. Nimerudi 13 kwa sasa. Nifanyeje ili kila hifadhidata ibaki na watu wake na sisi tubaki na akaunti za kote? Rafiki yangu wa SQL Server ananicheka, anasema kwao haya yaliisha zamani.

JIBU: Ndugu yangu, ulifanya vizuri kurudi nyuma badala ya kubahatisha wateja wakiwa kwenye foleni. Lakini usizoee hapo. Toleo la 13 liliacha kutunzwa Novemba 2025, kwa hiyo tundu la usalama likigunduliwa leo hakuna atakayekuletea kiraka.

Kwanza nikuonyeshe kilichokuwa kikitendeka, maana mwenzako alikuachia kiini macho. Katika PostgreSQL hakuna akaunti ya hifadhidata. Haijawahi kuwepo. Majina yote yamo katika orodha moja ya seva nzima, jedwali la pg_authid, na ukiwa sacco01 au sacco09 unasoma orodha ile ile. Ile db_user_namespace haikuligawa jedwali hilo. Karani alipotaja jina mwangi akiomba kuingia sacco01, seva ilimbandikia mkia kimyakimya, akawa mwangi@sacco01, kisha ikamtafuta kwa jina hilo refu katika orodha ile moja. Alama ya @ mliyokuwa mkiongeza ninyi ilikuwa ya kuiambia seva: huyu usimbandike mkia. Uone mwenyewe:

SELECT rolname FROM pg_roles WHERE rolname LIKE '%@%';

Utawakuta wote pale, mwangi@sacco01 na mwangi@sacco04, wamekaa pamoja.

Kipengele hicho kiliingia na toleo la 7.3 mwaka 2002, na maelezo rasmi yalisema wazi kwamba ni cha muda tu, hadi suluhisho kamili lipatikane. Kikakaa kama vile vibanda vya kando ya barabara vinavyojengwa kwa muda hadi watoto wa mwenye kibanda wanamaliza shule. Suluhisho kamili halikuja, na toleo la 17 la mwaka 2024 likakiondoa. Ndiyo maana seva ilipoukuta mstari huo ilisema haiutambui ikazima.

Sasa dawa ya haraka, ya kukuvusha usiku wa kuhamia. Akaunti zako hazikupotea, ni mkia tu ambao haubandikwi tena. Programu ikitaja jina zima, mwangi@sacco01, itaingia. Tahadhari moja: kama programu yako inatumia anwani ya muunganisho ya mstari mmoja, alama ya @ ndani ya jina itachanganywa na ile inayotenganisha jina na seva. Iandike kama %40:

postgresql://mwangi%40sacco01@10.20.0.4/sacco01

Ninyi wasimamizi ondoeni @ ya mwisho, basi.

Kisha fungua pg_hba.conf, faili linaloamua nani aingie hifadhidata ipi, kutoka wapi na kwa njia gani ya nenosiri. Naweza kuweka dau kwamba mistari ya makarani inaishia na neno password. Huenda si uzembe wa mwenzako, maana njia iliyozoeleka ya md5 isingemfanyia kazi. Njia ya md5 huchanganya nenosiri na jina la mtumiaji kabla ya kulisimba. Mteja alikuwa akichanganya na mwangi huku seva imehifadhi mwangi@sacco01, hivyo majibu yasingelingana hata siku moja, na PostgreSQL ilikataza kabisa hivyo viwili vitumike pamoja. Maana yake ni kwamba kwa miaka yote hiyo manenosiri ya makarani yamekuwa yakipita kwenye waya yalivyo, na kama muunganisho haukusimbwa kwa TLS (njia ya kuficha mawasiliano ya mtandao), yeyote aliyekaa katikati ya mtandao aliweza kuyasoma. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko seva iliyokataa kuwaka. Yachukulie yote kuwa yamevuja.

Majina yakishalingana pande zote mbili, weka md5 mahali pa password kwa siku chache. Njia hiyo hupokea nenosiri la zamani na pia lililohifadhiwa kwa SCRAM, mtindo mpya na salama zaidi wa kutunza nenosiri, kwa hiyo unaweza kuwabadilishia watu mmoja mmoja. SCRAM ndiyo chaguo-msingi tangu toleo la 14. Yako ya 13 yalihifadhiwa kwa md5 isipokuwa mtu alibadilisha mpangilio. Huwezi kugeuza nenosiri la md5 kuwa la SCRAM, ni lazima liwekwe upya. Tumia \password ndani ya psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, kwa sababu hulisimba kabla ya kulituma, halibaki wazi katika kumbukumbu za seva. Wakiisha wote, badilisha mistari iwe scram-sha-256. Usiahirishe sana: toleo la 18 tayari linatoa onyo kila unapoweka nenosiri la md5.

Na usije ukaamka asubuhi ukasema sasa niwape majina mafupi kwa ALTER ROLE ... RENAME. Kwa kuwa jina limo ndani ya nenosiri la md5, ukibadilisha jina seva inafuta nenosiri. Inakutaarifu kwa mstari mmoja tu, na mstari huo hupita haraka ukiwa unaendesha faili la amri mia mbili. Jina na nenosiri vibadilishwe kwa pamoja.

Hayo ni ya kuvuka mto. Nyumba yenyewe ningeijenga hivi.

Fikiria jengo la ofisi pale katikati ya mji. Getini kuna askari na kitabu kimoja. Unaacha kitambulisho, unaandika jina na ofisi unayokwenda. Askari hana kitabu cha ghorofa ya tatu na kingine cha ghorofa ya saba. Ana kimoja, na anachokijua ni nani anaruhusiwa kupanda wapi. Juu kila ofisi ina kufuli lake, na ndani ya ofisi kila kabati lina ufunguo wake. Katika PostgreSQL kitabu ni orodha ya akaunti, askari ni pg_hba.conf, kufuli la mlango ni ruhusa ya CONNECT, na makabati ni majedwali. Swali lako lilikuwa unataka kitabu kila ghorofa. Mimi nasema acha kitabu kimoja, kaza milango.

Milango yako sasa hivi imeachwa wazi, nina hakika, kwa sababu ndivyo inavyokuja. Hifadhidata mpya humpa kila mtu, kwa jina la PUBLIC, ruhusa ya CONNECT. Mkia ukishaondoka, mbali na pg_hba.conf hakuna kinachomzuia karani wa sacco01 kubisha sacco04 na kufunguliwa. Kwa hiyo, kwa kila hifadhidata:

CREATE ROLE sacco01 NOLOGIN;
REVOKE CONNECT ON DATABASE sacco01 FROM PUBLIC;
GRANT CONNECT ON DATABASE sacco01 TO sacco01;
CREATE ROLE sacco01_app LOGIN IN ROLE sacco01;

Hapo sacco01 ni kikundi, si mtu. Hakiwezi kuingia chenyewe. Nimekipa jina sawasawa na la hifadhidata kwa makusudi, kwa sababu pg_hba.conf ina neno samerole, lenye maana kwamba mtumiaji apite ikiwa ni mwanachama wa kikundi chenye jina la hifadhidata anayoiomba. Mstari mmoja unatosha SACCO zote tisa, na ya kumi ikija huhitaji kuligusa faili:

hostssl all +wasimamizi 10.20.0.5/32 scram-sha-256
hostssl samerole all 10.20.0.0/24 scram-sha-256

Mstari wa kwanza ni wenu: kikundi cha wasimamizi, hifadhidata zote, lakini kutoka mashine moja tu. Alama ya kujumlisha mbele ya jina ndiyo inayosema "wanachama wa". Mpangilio wa mistari una uzito, kwa kuwa askari hufuata mstari wa kwanza unaolingana, na nenosiri likikataliwa hapo hashuki kujaribu unaofuata. Asiyelingana na mstari wowote anarudishwa. Futa mistari ya zamani inayoanza na host all all; ukiiacha chini, hii yote ni mapambo.

Wasimamizi nao wapewe CONNECT kwa kila hifadhidata kupitia kikundi chao, maana umeshamnyang'anya PUBLIC. Si lazima kila mmoja wenu awe msimamizi mkuu. Anayejibu simu za wateja na kuangalia tu rekodi anatoshwa na uanachama wa pg_read_all_data, uliopo tangu toleo la 14. Lakini jina lake lisikupite: ukimpa mtu hilo, amepewa katika kila hifadhidata anayoweza kuingia, si moja. Ndiyo hulka ya mfumo huu. Uanachama ni wa seva nzima hata pale unapodhani umeutoa kwa ajili ya kazi ya sacco07 peke yake.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyakosea baada ya kupanga vizuri. Ruhusa za kiwango cha hifadhidata hazinakiliwi kutoka kwenye kiolezo, yaani template1, hifadhidata ambayo mpya hunakiliwa kutoka kwake. Unaweza kuifunga template1 utakavyo, SACCO ya kumi ukiiunda kwa CREATE DATABASE inazaliwa mlango wazi. Kwa hiyo amri zile nne ziwe katika hati moja inayoendeshwa kila mteja mpya anapoingia, si kichwani mwako. La pili, tangu toleo la 15 PUBLIC haruhusiwi tena kuunda vitu katika skima ya public (chumba cha kawaida cha majedwali ndani ya hifadhidata), na wengi husoma hivyo wakapumua. Hilo ni kwa hifadhidata mpya. Zako zinatoka 13, na kupandisha toleo kunazileta na ruhusa zake za zamani. Ingia kila moja useme REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC.

Sasa nirudi kwa yule mwangi, kwa sababu nina neno naye. Karani wa SACCO anayepokea akiba ya wanachama kwenye skrini ya programu yenu ana haja gani na akaunti ya PostgreSQL? Hata moja. Anapaswa kuwa safu katika jedwali la watumiaji la programu, ndani ya sacco01, na programu yenyewe iingie kwa sacco01_app. Huko ndani mwangi wa sacco01 na mwangi wa sacco04 hawatajuana kamwe, na shida iliyomfanya mwenzako awashe kile kipengele inakuwa haipo. Akaunti za seva ziwe za programu, za wasimamizi, na za yule mhasibu mmoja anayetaka kuchomoa ripoti moja kwa moja.

Najua utaniuliza: nikitumia akaunti moja ya programu, nitajuaje ni karani yupi aliyebadilisha salio? Swali zuri, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 si la udadisi tu. Data ya wanachama ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwao, mdhibiti wa data hiyo anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua, na huwezi kueleza kilichotokea kama kumbukumbu zote zimeandikwa sacco01_app. Programu iseme mwanzoni mwa kila muamala:

SET LOCAL app.karani = 'mwangi';

Kisha triga (amri inayojiendesha yenyewe jedwali linapobadilishwa) ya jedwali la miamala isome current_setting('app.karani') na kuliandika jina kando ya badiliko. Zingatia LOCAL. Bila hilo neno, mpangilio unabaki kwenye muunganisho, na mkitumia PgBouncer, programu inayogawa miunganisho michache kwa zamu kwa kila muamala, muunganisho huo huo utapewa karani mwingine baada ya sekunde, aandikiwe kazi ya mwenzake.

Kuhusu bekapu nitakusimulia yaliyonipata, nawe ufupishiwe njia. Kuna mteja mmoja wa Industrial Area ambaye diski ilimfia Ijumaa jioni. Nilikuwa na bekapu za pg_dump za kila usiku, nikaenda nimetulia kabisa. Seva mpya, nikaanza kurejesha, skrini ikajaa mstari uleule: role does not exist, role does not exist, kwa mamia. Data ilikuwepo. Wamiliki na ruhusa hazikuwepo, kwa sababu pg_dump huchukua hifadhidata moja na akaunti si za hifadhidata. Nilikaa hadi Jumamosi alfajiri nikiokota majina kutoka kwenye mistari ya makosa na kuwaundia watu akaunti upya, na kuhusu manenosiri nikampigia simu mmoja mmoja, kila mtu akiamshwa kitandani. Stima ilipotea mara moja, jenereta ikachelewa. Tangu siku hiyo kila usiku kabla ya pg_dump yoyote hutangulia hii:

pg_dumpall --globals-only > akaunti.sql

Faili ni dogo. Lina akaunti zote, uanachama na manenosiri yaliyosimbwa, kwa hiyo lifungie kama unavyofunga fedha.

Kumtoa mtu nako kuna kona zake. Akiacha kazi, usianze na DROP ROLE. Seva itakukatalia ikikuambia ana vitu kadhaa katika hifadhidata nyingine. Kwanza ALTER ROLE ... NOLOGIN ili asiingie tena, na ukumbuke hiyo haimfukuzi aliyekwisha kuingia: tafuta muunganisho wake katika pg_stat_activity uukate kwa pg_terminate_backend. Halafu ingia kila hifadhidata, ndiyo, moja baada ya nyingine, uendeshe REASSIGN OWNED kisha DROP OWNED. Mwishowe DROP ROLE itakubali.

Rafiki yako wa SQL Server usimwache acheke sana. Kwao kuna ngazi mbili kweli: akaunti ya kuingilia seva, na mtumiaji ndani ya hifadhidata, vikiunganishwa na namba ya utambulisho iitwayo SID. Muulize kilichotokea alipohamisha hifadhidata kwenda seva nyingine. Mtumiaji alifika huko bila akaunti yake, yatima, na ilibidi amwunganishe upya kwa ALTER USER... WITH LOGIN. Tangu toleo la 2012 wana hifadhidata zinazobeba watumiaji wao na manenosiri yao, na hapo kweli wametuzidi. MySQL iko upande wetu: akaunti ni za seva, ila jina huambatana na mahali mtu anapotoka, kwa hiyo 'mwangi'@'10.20.0.7' na 'mwangi'@'10.20.0.8' ni watu wawili.

Limebaki jambo moja ambalo milango haifichi. Yeyote aliyeingia hifadhidata yoyote anaweza kusoma pg_database na pg_roles. Mhasibu wa sacco01 mliyempa akaunti ya ripoti hataona hata shilingi moja ya sacco04, lakini ataona kwamba sacco04 ipo na ina akaunti zipi. Kwa majina ya namba kama yenu haisemi mengi. Iwapo mteja mmoja anataka hata hilo lisionekane, mpe klasta yake, yaani seva yake ya PostgreSQL inayojitegemea, na bandari yake, kwenye mashine ile ile. Kwa Ubuntu ni pg_createcluster 17 na jina. Itakula RAM zaidi na utakuwa na seva mbili za kutunza, kwa hiyo mtoze. Kwa SACCO zote tisa nisingefanya hivyo.

Anza na nakala ya majaribio: toleo la 17, faili jipya la mipangilio badala ya lile la zamani, akaunti kutoka kwenye --globals-only, na hifadhidata mbili tu, sacco01 na sacco04. Jaribu kuingia sacco04 kwa sacco01_app. Ukikataliwa, endelea na zile saba.